Ushahidi wa Mgonjwa na Sitara ya Jirani



Twaanza kwa jina la Mwenyezi Mungu, na kwake Yeye twarudisha kila sifa njema. Yeye ndiye aliyeyaumba maradhi akaumba na dawa yake, akawaonjesha waja wake udhaifu ili wamjue Mwenye nguvu. Twamsalia Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake, na wote walioishika njia yao mpaka siku ya malipo.

Ama baada ya hayo. Ndugu Waislamu mliokusanyika msikitini na mnaotusikiliza majumbani, akina baba na akina mama, na ninyi vijana wa shule na wa madrasa: twajiusia nafsi zetu kwanza, kisha twawausia ninyi, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri. Hakuna siri mbele yake, na kila ulimi utaulizwa ulichosema na ulichokificha.

Leo twataka kulitazama swali moja ambalo huingia katika nyumba zetu siku ya shida. Mtu ameshikwa na maradhi ya kuambukiza. Bwana afya amefika, ameketi, ametoa karatasi, naye auliza: umetoka wapi, umelala wapi, umekaa na nani, nani amelala nawe kitanda kimoja? Je, kujibu kwa ukweli ni kujifedhehesha, au ni kutekeleza amana? Na sisi majirani tuliozisikia habari za mgonjwa huyo, je, yatupasa kusema au kunyamaza?

Ndugu Waislamu,

Mji wetu wa Moshi umekaa njia panda. Njia moja yapanda kutoka pwani kwa kupita Same na Mwanga. Nyingine yaingia kutoka Kenya kwa kupita Taveta na Holili, nazo hukutana pale Himo. Nyingine yaelekea Arusha na kuendelea mpaka Namanga, na kule Rombo iko ile ya Tarakea iendayo Loitokitok. Kwa njia hizi wazee wetu walipata neema nyingi. Katika karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilipumzika Taveta, kisha ikapanda mpaka kwa watawala wa Wachagga, na pamoja na nguo na shanga Uislamu nao ukaja.

Lakini njia haichagui mpitaji. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka iliangamiza ng'ombe wa Wamasai katika mbuga zinazouzunguka mlima huu, na nyuma yake ikaja ndui, ikawakuta watu wenye njaa. Katika zama zetu, mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa Ukimwi waligunduliwa mkoani Kagera. Kufikia mwaka 1986 hapakuwa na mkoa wa Tanzania Bara ambao haukuwa umeripoti mgonjwa. Miaka mitatu tu. Na tarehe 15 Machi 2020 msafiri aliyetoka Ubelgiji alishuka katika Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Kilimanjaro. Siku ya pili yake Wizara ya Afya ikatangaza kwamba amepatikana na virusi vya korona, naye akawa mgonjwa wa kwanza kutangazwa katika nchi yetu.

Tuutazame sasa mfano wa karibu zaidi, yaani homa ya nyani, ugonjwa ambao tangu Novemba 2022 Shirika la Afya Duniani huuita mpox. Virusi vyake ni jamaa wa virusi vya ndui. Vilijulikana kwanza mwaka 1958 kwa nyani wa maabara mjini Copenhagen, na mwaka 1970 vikaonekana kwa mtoto mchanga nchini Kongo. Kwa miaka mingi ugonjwa huu ulikaa zaidi katika vijiji vya misituni, ukitoka kwa wanyama na kumpata mtu mmoja hapa na mmoja pale. Wakati huo watu wengi walikuwa wamechanjwa ndui, na chanjo hiyo ilikuwa ngao hata kwa jamaa yake huyu. Ndui ilipokwisha duniani chanjo ilisimamishwa, na waliozaliwa baadaye wakakua bila ya ngao hiyo.

Mwezi Septemba 2023, katika mji wa machimbo ya dhahabu uitwao Kamituga, huko Kivu ya Kusini, ilianza kuonekana aina mpya ya ugonjwa huu, ambayo ilihama kutoka mtu hadi mtu bila ya kumhitaji mnyama. Mwanzoni sehemu kubwa ya maambukizo ilipita kwa njia ya kujamiiana, baadaye ukaingia majumbani na kuwapata watoto. Mwezi Julai 2024 na siku za mwanzo za Agosti ukatangazwa Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya, nchi nne ambazo kabla ya hapo hazikuwa zimeripoti mgonjwa hata mmoja. Na huko Kenya ulikamatwa wapi? Ulikamatwa Taveta, katika kituo cha mpakani, kwa msafiri aliyetoka Uganda akipita Kenya kuelekea Rwanda. Habari hiyo ilitangazwa tarehe 31 Julai 2024. Kutoka Taveta mpaka Moshi ni mwendo wa gari wa saa moja hivi.

Tarehe 13 Agosti 2024 Kituo cha Afrika cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa kilitangaza hali ya dharura kwa bara zima, na siku ya pili yake Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura ya kimataifa. Tarehe 10 Machi 2025 Wizara yetu ya Afya ikatangaza wagonjwa wawili nchini Tanzania. Mmoja wao alikuwa dereva wa lori la mizigo aliyetoka nchi jirani kuelekea Dar es Salaam. Tarehe 5 Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani lilitangaza ukomo wa ile dharura. Ugonjwa wenyewe haukukoma siku hiyo, wala virusi havisomi matangazo.

Ndugu Waislamu,

Tumezitaja tarehe na miji hii kwa sababu moja. Tujiulize: mambo haya yalijulikanaje? Ni nani aliyeifuata nyayo ya kitu kisichoonekana kwa jicho, kutoka machimboni mpaka mpakani, na kutoka mpakani mpaka bandarini? Maabara husema kwamba mtu huyu anaumwa. Maabara haiwezi kusema mtu huyu alilala nyumba ya nani. Hilo hulijua yeye mwenyewe. Kila mstari uliochorwa katika ramani ya ugonjwa umeanzia katika kinywa cha mgonjwa aliyekubali kusema kweli.

Kazi hii ina hesabu yake, nayo ni nyepesi kufahamika. Dalili za homa ya nyani huweza kuchelewa mpaka siku 21 tangu mtu aambukizwe. Kwa hiyo kila aliyegusana na mgonjwa huandikwa, naye hutazamwa siku 21. Akitokwa na homa au upele hutengwa mapema, kabla hajampa mwingine. Ikiwa jina lake halikutajwa, hutembea siku zote hizo sokoni, msibani na kitandani mwake, na kila atakayemgusa ataanza hesabu mpya.

Mfano wa kazi hii ikifanywa vizuri tuliuona hapa hapa nchini. Mwezi Machi 2023 ugonjwa wa Marburg, ambao ni mkali kuliko homa ya nyani, ulizuka mkoani Kagera. Wagonjwa walikuwa tisa, na sita kati yao walifariki, Mwenyezi Mungu awape subira waliofiwa. Watu zaidi ya 200 waliokaribiana nao walitafutwa, wakaandikwa na kutazamwa kila siku. Tarehe 2 Juni 2023 ukomo wa mlipuko huo ulitangazwa, na haukuwa umevuka mkoa huo. Majina yale 200 na ushei yalikuwa ukuta, na kila jina lilikuwa tofali.

Na mfano mkubwa zaidi ni wa ndui yenyewe. Mgonjwa wa mwisho duniani aliyeipata kwa njia ya kawaida alikuwa ndugu yetu Muislamu, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, nchini Somalia, kijana wa miaka 23. Alikuwa akifanya kazi hospitalini lakini hakuwa na kinga. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba aliogopa maumivu ya kuchanjwa. Mwezi Oktoba 1977 alipanda gari lililowabeba watoto wawili wenye ndui ili amwonyeshe dereva njia. Safari ya dakika chache tu, nayo ilitosha. Alipougua walidhani kwanza ni malaria, kisha tetekuwanga, mpaka muuguzi mmoja wa hospitali hiyo akatoa taarifa kwa wahusika. Watu 161 waliokutana naye walitafutwa na kutazamwa. Hakuna hata mmoja aliyeugua. Tarehe 8 Mei 1980 ulimwengu ukatangaziwa kwamba ndui imekwisha. Maalin alipona, akaoa, na miaka mingi baadaye akajiunga na kampeni ya chanjo ya polio, akiwaeleza wazazi wa Kisomali yaliyompata yeye ili wasiogope. Alifariki Julai 2013 kwa malaria, akiwa katika kazi hiyo. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Ndugu Waislamu,

Hapa pana uzito, nasi hatutaki kuupita kana kwamba hatukuuona. Dini yetu imetufundisha sitara. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametubashiria kwamba mwenye kumsitiri Muislamu mwenzake naye husitiriwa na Mola wake. Qurani Tukufu, katika Sura ya Hujurat aya ya 12, imeharamisha kusengenyana na kupeleleza aibu za watu, na imeifananisha ghiba na jambo la kuchukiza mno, kula nyama ya ndugu aliyekufa. Muislamu mwema aliyelelewa katika mafundisho haya akiulizwa habari za mwenzake, ulimi wake hujizuia. Na akiulizwa habari zake mwenyewe, khasa ugonjwa ukiwa umepita katika njia asiyopenda ijulikane na mkewe au mzazi wake, ulimi hufungwa kabisa. Si kila anyamazaye ni mwovu. Wengine hunyamaza kwa haya, na haya ni katika imani.

Lakini dini ile ile imetuwekea mizani. Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 283, imebainishwa kwamba mwenye kuficha ushahidi moyo wake umeingia dhambini. Katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 83, Mwenyezi Mungu awalaumu watu ambao likiwafikia jambo la amani au la hofu hulitangaza ovyo, na awaelekeza walirudishe kwa Mtume na kwa wenye mamlaka, ili wale wawezao kulichunguza wapate kulijua. Tuizingatie aya hii. Haikuamrisha habari ya hatari ifunikwe, wala haikuruhusu itawanywe barazani. Imeielekeza mahali pake, kwa yule awezaye kuichunguza.

Na Imamu An-Nawawi, katika kitabu chake Riyadhus Salihin, amezitaja hali sita ambazo ndani yake mtu huruhusiwa kuitaja hali ya mwenzake asiyekuwapo, na mojawapo ni kuwatahadharisha Waislamu na madhara. Kwa hiyo jambo lenyewe lagawanyika mafungu matatu. Kumweleza habari ya maradhi yule anayehusika, yaani bwana afya, daktari, na yule ambaye afya yake imo hatarini, ni wajibu. Kumweleza asiyehusika ni ghiba, hata ikiwa unayoyasema ni kweli. Na kuongeza lisilokuwapo, ukasema fulani ameupata kwa mwanamke fulani nawe huna ujualo, huo ni uzushi, na dhambi yake ni kubwa zaidi. Mwenye kuyashika mafungu haya matatu atakuwa amemsitiri mgonjwa na ameulinda umma, kwa pamoja.

Katika miteremko ya mlima wetu hili si jambo geni. Wazee walichimba mifongo ya maji kutoka misituni, ikapita kihamba kwa kihamba mpaka tambarare. Mtu wa juu, ikiwa mnyama wake amekufa ndani ya mfongo, hapigi mbiu sokoni kwamba ng'ombe wake ana nuksi, na wala hanyamazi akawaacha wa chini wanywe. Huwaendea wazee wa mfongo akawaambia, nao hufunga maji mpaka yasafishwe. Ndivyo ilivyo amana ya mwenye maradhi kwa walio chini yake katika njia.

Huenda mtu akasema: haya yote ni kudra, na aliyeandikiwa kuugua ataugua tu, basi majina ya nini na kutengwa kwa nini? Hoja hii ilitolewa zamani na mtu bora kuliko sisi, na ikajibiwa. Sayyidna Umar bin Khattab alikuwa njiani kwenda Sham. Alipofika mahali paitwapo Sargh alipokewa na majemadari wake, akiwamo Abu Ubayda bin Jarrah, wakamwambia kwamba tauni imezuka huko. Hakukata shauri peke yake. Aliwataka shauri Muhajirina, kisha Ansari, wakakhitalifiana, kisha wazee wa Kikureshi, nao wakakubaliana kwamba arudi na watu. Abu Ubayda akamwuliza kama atakimbia kudra ya Mwenyezi Mungu. Umar akamjibu kwamba watoka katika kudra wakiingia katika kudra, akampigia mfano wa mchungaji mwenye ngamia katika bonde lenye pande mbili, moja lenye majani na moja kavu: popote atakapochunga amechunga kwa kudra ya Mola wake. Kisha akaja Abdurrahman bin Awf, akawapa habari aliyoisikia kwa Mtume mwenyewe: tauni ikiwa katika nchi msiiendee, na ikizuka mlipo msitoke kwa kuikimbia. Umar akamshukuru Mwenyezi Mungu, akarudi Madina. Abu Ubayda alibaki na watu wake, akafariki kwa tauni ile ya Amwas mwaka wa 18 Hijria. Radhi za Mwenyezi Mungu ziwashukie wote wawili.

Mchungaji wetu wa Kahe au wa Rombo aujua mfano huu bila ya kufafanuliwa. Hakuna anayepeleka mifugo yake upande mkavu akasema ni kudra. Basi kwa nini tuwafanyie wanetu tusilowafanyia ng'ombe wetu?

Ndugu Waislamu,

Neno letu sasa laelekea majumbani. Ukimwona mtu wa nyumba yako ana homa, maumivu ya kichwa na mgongo, mitoki imevimba, na baadaye upele wenye maji au usaha usoni, mikononi, nyayoni au sehemu za siri, usiseme moja kwa moja kwamba ni tetekuwanga, na usikimbilie kusema amerogwa. Mpeleke zahanati, au piga simu ya bure nambari 199 ya Wizara ya Afya ueleze. Aliye mgonjwa alale peke yake, nguo zake na shuka zake zifuliwe mbali kwa sabuni, na mwenye kumhudumia anawe mikono kila mara. Wengi hupona katika wiki mbili mpaka nne. Mgonjwa huweza kuambukiza mpaka magaga yote yadondoke na ngozi mpya iote chini yake, kwa hiyo asiharakishe kurudi katika watu kwa kuwa homa imeshuka.

Mwenye maradhi haya asije msikitini, wala asione kwamba amepungukiwa. Ugonjwa ni udhuru wa kuacha Ijumaa, naye ataswali Adhuhuri rakaa nne nyumbani. Amekatazwa mwenye ngamia wagonjwa kuwaleta penye ngamia wazima. Muislamu ana haki kubwa zaidi ya kulindwa kuliko ngamia. Na anayemwona nduguye hayupo safuni asimdhanie vibaya, wala asikasirike akinyimwa mkono wa salamu. Neno la amani latosha, na jibu lake ni lile lile.

Mauti yakitokea, tusikimbilie kukosha maiti kabla bwana afya hajatuelekeza. Kumkosha ndugu yetu ni haki yake juu yetu, lakini sheria imetupa tayamamu pale ambapo maji au mguso una madhara, na swala ya jeneza haipungui thawabu kwa kuwa waliosimama ni wachache. Ndugu watakaokuwa mbali wamwombee dua huko waliko.

Tuseme na neno juu ya safari. Desemba kila mwaka, na siku za Idi vilevile, mabasi hupanda kutoka Dar es Salaam, Tanga na kwingineko yakiwaleta watu nyumbani, mpaka vihamba vya Machame, Kibosho, Marangu na Rombo vinajaa. Kuunga udugu ni ibada. Lakini mwenye homa na upele siku ya safari, ibada yake ni kubaki alipo, apige simu, awaombe radhi wazee. Bibi aliyemngoja mjukuu mwaka mzima atahuzunika kwa siku hiyo, naye atabaki na afya yake ya kumpokea siku nyingine.

Na tusiwatenge madereva wa malori wala wasafiri wa mpakani kwa sababu habari za ugonjwa zimewataja. Ni watu hawa wanaotuletea mafuta ya taa, sukari, saruji na dawa zenyewe za hospitali. Mtu akitukanwa kwa kazi yake atajificha, na akijificha hatutaujua ugonjwa umefika wapi. Mwaka 2025, mji wa Goma ulipokumbwa na vita, wagonjwa wa homa ya nyani waliokuwa wametengwa walikimbia vituo vya matibabu. Wale walikimbia risasi. Sisi huku hatuna risasi, basi maneno yetu yasiwe ndiyo yatakayowakimbiza wagonjwa wetu.

Twamwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yetu na kwa ajili yenu. Nanyi mwombeni, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

Khutba ya Pili

Sifa njema ni zake Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake mwaminifu, na jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu Waislamu, tumesema kwamba mgonjwa ana wajibu wa kusema kweli. Haki haitasimama kwa mguu mmoja. Sisi nasi tuna wajibu kwake, na tusipoutimiza tutakuwa tumemsukuma kwenye uongo kwa mikono yetu.

Tufikiri kidogo. Mama mjane wa mlimani ana ng'ombe mmoja wa maziwa zizini. Kila siku hushuka tambarare kukata majani, na siku za soko hupeleka mikungu ya ndizi. Akisema kweli, ataambiwa akae nyumbani siku 21. Nani atamkatia majani ng'ombe wake? Nani atapeleka ndizi zake sokoni? Watoto watakula nini wiki tatu? Ikiwa jibu ni kwamba hakuna, basi tumemtaka anunue usalama wetu kwa njaa ya wanawe, na bei hiyo wengi hawawezi kuilipa.

Kwa hiyo twapendekeza, na kila msikiti uliangalie jambo hili kwa uwezo wake: wateuliwe watu wachache waaminifu, wanaume na wanawake, watakaokuwa tayari siku ya shida. Sehemu ya sadaka za Ijumaa itengwe. Nyumba ikifungiwa, unga, maharage, sabuni na mafuta viwekwe mlangoni, majani ya ng'ombe yakatwe na vijana kwa zamu, maji yatekwe. Na yafanywe haya bila ya kuuliza ugonjwa ulipatikana vipi. Swali hilo si la mleta unga. Wala tusitazame ikiwa nyumba hiyo ni ya Muislamu au ya jirani Mkristo, maana katika mlima huu tumechanganyika koo na mipaka ya mashamba, na haki ya jirani haikufungwa kwa dini.

Nanyi ndugu mnaofanya kazi za afya katika zahanati zetu, Mawenzi, KCMC na kwingineko, pamoja na wahudumu wa afya wa vijijini: ile karatasi ya majina mliyoandikiwa ni amana shingoni mwenu. Jina likitoka humo likafika kilabuni au katika simu za watu, hamtamfedhehesha mtu mmoja tu. Mtakuwa mmefunga vinywa vya wagonjwa kumi watakaokuja nyuma yake.

Na ninyi vijana wanafunzi, ambao habari hufika mikononi mwenu kabla hazijawafikia wazazi wenu: Sura ya Hujurat aya ya 6 imetuamuru tuhakikishe habari kabla ya kuzitendea kazi. Picha ya mwenye upele isienezwe. Huyo ni baba wa mtu, na kesho huenda akawa ni mtu wa nyumbani kwenu.

Ee Mwenyezi Mungu, waponye wagonjwa wetu na wagonjwa wa majirani zetu katika Kongo, Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya. Warehemu waliokufa. Wape nguvu wanaowahudumia, na uwalinde. Ee Mola wetu, fungua ndimi zetu kwa ushahidi ulio wajibu, na uzifunge na ghiba na uzushi. Usitufanye sisi kuwa sababu ya ndugu zetu kujificha, wala usitufanye kuwa sababu ya ndugu zetu kuugua. Ulinde mji wetu, mlima wetu na njia zetu, wanaoingia na wanaotoka. Utujaalie kheri ya dunia na kheri ya akhera, na utuepushe na adhabu ya Moto. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.